Tumbawe Limejikunja? Weka Mtungi Chini Kwanza

Wasee wa matangi ya maji ya chumvi, leo tutakosana kidogo. Swali linalojaa kwa inboksi yangu ni moja: "Tumbawe langu limejikunja, nibadilishe maji yote?" Na kabla sijajibu, tayari kuna mjuaji ameshasema badilisha nusu, badilisha yote, osha na mchanga. Mimi nakataa. Kwa maoni yangu huo ushauri unamaliza matumbawe kushinda uchafu wenyewe.

Tumbawe si ua wala jiwe, ni mnyama. Ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana unaopika chakula kwa kutumia mwanga, na tumbawe linaishi kwa hicho chakula. Joto likizidi, au chumvi ikipanda na kushuka ghafla, linautoa huo mwani na kubaki jeupe. Halijafa bado, lina njaa. Ndivyo ilivyokuwa Pwani yetu mwaka 1998 wakati wa El Niño, kuanzia Malindi na Watamu hadi Kisite, na mengi hayakurudi. Kule bahari ilipanda digrii chache tu, tena kwa wiki kadhaa.

Sasa tuje kwa tangi lako la lita 100. Ni Julai, asubuhi, maji ya mtungi yamelala kwa balkoni na yako digrii 17. Tangi liko 25. Ukibadilisha nusu, umelishusha hadi 21 kwa dakika kumi. Ukibadilisha lita 10, linafika 24 na kidogo. Chumvi ni vilevile: kama tangi liko 35 kwa elfu na ulikoroga mapya kwa macho ukapata 30, nusu inakupeleka 32.5, lita 10 inakuacha 34.5. Nani hapo ameumiza mnyama?

Na hapa Eastleigh tuna shida yetu. Maji ya mfereji huja kwa mgao. Yakikosa, unanunua ya boza. Boza likichelewa, ploti inafungulia ya kisima. Ya mfereji yana klorini. Ya visima vya Nairobi mara nyingi yana floraidi na madini mengine. Kwa hivyo anayebadilisha maji mengi kila wiki, kila wiki anahamisha tumbawe bahari nyingine.

Mimi nafanya hivi: nanunua maji yaliyochujwa, yale ya kunywa, nakoroga chumvi ya akwariamu (si ya meza, tafadhali), naacha usiku mzima na pampu na hita, napima, ndio namwaga lita 10. Yakipungua katikati ya wiki naongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Watu wengi huongeza ya chumvi hapo, halafu wanashangaa tumbawe kujikunja.

Kuna siku ya kubadilisha maji mengi, sikatai. Mtoto amemwaga sabuni ndani, mtu amepuliza dawa ya mende sebuleni, samaki amefia nyuma ya jiwe na amonia imepanda. Hapo badilisha haraka, lakini kwa maji yenye joto na chumvi ileile. Stima ikipotea usiku, hiyo si sababu. Funika tangi na blanketi, tafuta pampu ya betri.

Kuna muuzaji mmoja aliniambia, "Likikufia njoo uchukue lingine." Hiyo sentensi ilinikera hadi leo. Lingine linatoka wapi? Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968 na kung'oa tumbawe humo ni marufuku. Matumbawe magumu yote yako kwa orodha ya CITES, yaani kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Muulize karatasi. Akianza kucheka, toka dukani.

Kama huwezi kushikilia chumvi na joto palepale kwa miezi mitatu, weka samaki pekee kwanza. Najua hapo nitatukanwa. Sawa tu, lakini anayetaka kubishana aje na vipimo vyake vya wiki nne, chumvi na joto, vimeandikwa kwa daftari, tuongee.