Motokari Ing'ae, Lakini Esansi Ibaki Ndani ya Tanki

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani unayesoma ukurasa huu wa usalama na afya, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya motokari mpya. Tunasema mpya, hata kama ilikwisha kutembea miaka kumi huko Japani, ikapanda meli, ikashuka Mombasa ao Dar es Salaam, kisha ikaja kwa barabara mpaka hapa Bukavu. Kwa mtu aliyeweka feza zake mwezi kwa mwezi, hiyo ni mpya kabisa. Siku inapofika majirani wote wanatoka kuitazama, na watoto wanaandika majina yao kwa kidole juu ya vumbi.

Kisha mwenye motokari anaona jambo la kumchukiza. Ameiosha kwa maji na sabuni, lakini akipitisha mkono juu ya boneti, rangi inakwaruza kama ulimi wa paka. Kuna vitone vyeusi vya lami, chembe za chuma zilizoanza kushika kutu, na utomvu wa miti. Hapo rafiki anamshauri: "Chukua kitambaa, kitie esansi, sugua. Itang'aa."

Maoni yetu ni haya: shauri hilo ni baya kwa rangi, na ni baya zaidi kwa watu wa nyumba.

Mimi ninayeandika nilifanya kosa hilo. Ilikuwa Jumamosi moja huko Kadutu. Nilimimina esansi katika bakuli, nikaiweka chini karibu na gurudumu. Hatua chache kutoka pale, bibi yangu alikuwa anapika sombe juu ya mbabula. Mtoto wetu wa miaka sita alitaka kunisaidia, nikampa kitambaa. Moto ulitoka kwa mbabula, ukakimbia chini chini, ukafika kwenye bakuli kabla sijasimama. Mtoto alipona, lakini mkono wake wa kuume una kovu mpaka leo. Kila anaponisalimu, ninaliona.

Kwa nini moto ulitufuata? Esansi inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwa baridi ya karibu digrii 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini kama maji. Katika mji wetu wa milima, ambako nyumba zimebanana na jiko la jirani liko chini ya kiwanja chako, mvuke unashuka mpaka kwake. Wewe unasugua boneti, yeye anawasha makala, na wote wawili mnaungua. Watu wa Bukavu hawahitaji kufundishwa jinsi nyumba za mbao zinavyowaka kwa zamu.

Tena, ndani ya esansi kuna benzini, sumu inayopita kwa pumzi na kwa ngozi. Mtu anayeivuta mara nyingi kwa miaka anaweza kupata kansa ya damu. Usinawe mikono kwa esansi. Usiivute kwa kinywa kwa njia ya mpira, maana tone likiingia mapafuni linaweza kukulaza hospitali. Na ile uliyonunua kwa Kadhafi kandokando ya barabara usiiache katika chupa ya soda: mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa.

Basi tusafishe namna gani? Wewe mtu wa mine unajua jibu, maana ni lile la shimoni: maji kwanza. Ukitoboa mwamba pakavu, vumbi la kwatzi linaingia mapafuni na halitoki tena. Ndiyo sababu tunatoboa kwa maji. Vumbi la barabara nalo lina kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko rangi. Ukipangusa motokari kavu, unaikwaruza. Safu ya juu inayong'aa, katika motokari nyingi, ni nyembamba kuliko unywele. Ikikwisha, haimei tena.

Tia motokari kivulini, bati likiwa baridi. Mwagia maji mengi, kisha osha kwa sabuni ya motokari, si ile ya unga ya kufulia nguo. Chukua ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Usiingize motokari katika ziwa wala katika Ruzizi, kwa sababu mafuta yake yanakwenda katika maji ambayo mama mwingine anachota. Lami ilainishe kwa mafuta kidogo ya kupikia, ngoja, pangusa, osha tena.

Sasa vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, upapase rangi. Ikiwa bado inakwaruza, tumia ule udongo wa kusafishia rangi uliotoka kwa Wajapani. Haukuchimbwa mlimani, ni plastiki laini yenye unga mwembamba wa kusugulia. Kata kipande, kikande kiwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya sabuni, kisha kipitishe polepole bila kukandamiza. Kinapochafuka, kikunje upate upande safi. Kikianguka chini, kitupe, hata kama moyo unauma: mchanga ulioshika hautoki. Na ujue kwamba kazi yake ni kuondoa uchafu ulioshikana, mikwaruzo haiiondoi.

Mwisho ni nta, kwa sababu udongo huondoa pia nta ya zamani. Iliyo maarufu hutoka kwa majani ya mtende mmoja wa kaskazini-mashariki ya Brazili, unaoitwa karnauba. Paka safu nyembamba, ngoja ikauke, pangusa kwa kitambaa laini. Hapa kwetu, mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, jua ni kali. Nta husaidia, lakini inabidi kuirudia baada ya miezi michache. Rangi ya kiwandani imekwisha kuokwa, unaweza kuipaka nta mara moja. Iliyopakwa upya katika garaji, muulize fundi muda wa kungoja, maana mara nyingi ni mwezi mmoja ao zaidi.

Utasema: "Udongo huo ni ghali." Ni kweli. Nunueni kipande kimoja watu watatu, mgawane. Ukikosa kabisa, osha, paka nta, na uache vitone vyako. Hakuna mtu aliyezikwa kwa sababu ya kitone cha lami kwenye mlango. Kwa sababu ya bakuli la esansi karibu na mbabula, wamezikwa.

Ndugu, shimoni unavaa kofia kwa sababu kapita anakutazama. Nyumbani hakuna kapita. Wanaokutazama ni watoto wako, na Jumamosi ijayo watafanya kama walivyokuona ukifanya.