Filamu ya Kumi na Moja

Kuna desturi iliyokwisha kuota mizizi vyuoni na magazetini, nayo ni hii: mwezi wa Desemba ukifika, kila aliyetazama sinema mwaka mzima huketi akachagua filamu kumi alizozipenda kuliko nyingine zote, akazipanga kwa namba, akazitangaza. Sina ugomvi na desturi yenyewe. Ugomvi wangu ni juu ya neno moja lililomo ndani yake, neno kupenda, ambalo husemwa na wengi na kutiiwa na wachache. Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wasiolitii.

Mwishoni mwa mwaka 2018 nilipanga orodha ya namna hiyo, nikaisoma mbele ya wenzangu wapenda sinema. Juu kabisa niliiweka Roma ya Alfonso Cuarón, ikafuatwa na Shoplifters ya Hirokazu Kore-eda, Burning ya Lee Chang-dong na Cold War ya Paweł Pawlikowski. Hizo nne sizijutii. Hata leo ningeziweka papo hapo. Lakini chini yake, kuanzia ya saba hivi, zilikuwamo filamu nilizozikaribisha kwa adabu tu, kama mtu anavyompisha kitini mgeni asiyemjua kwa sababu amevaa joho. Zilikuwa ndefu, kimya, zenye huzuni, na wenzangu walitikisa vichwa kwa kukubali nilipozitaja. Ya kumi sikumbuki hata ilivyokwisha. Na ukingoni mwa karatasi ile, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na majina ya filamu tatu niliyoyaandika kisha nikayakata. Hizo tatu ndizo zilizonichekesha na kuniliza, ndizo nilizowahimiza ndugu zangu nyumbani wakazitazame. Mbele ya wasomi nilizificha.

Ya kwanza ni Supa Modo, filamu ya Kenya iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Msichana wa miaka tisa, Jo, ana maradhi yasiyopona, na mama yake amemtoa hospitali ili siku zake za mwisho azimalizie nyumbani kijijini. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona mtoto amelazwa chumbani akingoja kufa, basi anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba yeye mwenyewe anazo nguvu hizo. Mama anakataa. Yeye anataka utulivu, staha na ukweli. Mchezo, kwake, ni kumdhihaki mgonjwa. Hatimaye kijiji kizima, pamoja na Mike, mwonyesha filamu wao, kinashika kazi ya kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo.

Naomba msomaji autafakari ugomvi wa mama na dada, maana ndio ugomvi wetu sisi wapanga orodha. Mama si mtu mbaya. Anaamini kwamba jambo zito lazima lipokewe kwa uso mzito, na kwamba anayecheka karibu na kifo hajakielewa kifo. Filamu inamheshimu, inamsikiliza, kisha inaonyesha, bila kumwaibisha, kuwa amekosea: mtoto anajua kwamba atakufa, anajua kuliko wote, na bado anataka kucheza. Katika dakika 74 hakuna hata moja ya uvivu. Mimi, niliyetoka katika chumba cha giza nikijifuta macho kwa kiganja kama mtoto, nilikwenda kukaa upande wa mama. Niliandika pembeni kwamba filamu hii ni ya watoto.

Ya pili ni ya Japani, Kamera o Tomeru na!, ambayo nchi nyingine huijua kwa jina la One Cut of the Dead. Shinichiro Ueda aliitengeneza kwa yen milioni 3 hivi, kiasi kidogo mno kwa filamu, pamoja na waigizaji wasiojulikana waliotoka katika warsha ya chuo cha sinema cha Tokyo. Ikaonyeshwa mara chache mwaka 2017, ikarudi mwaka 2018 katika sinema mbili tu, na kabla ya kwisha safari yake ikawa imeingiza zaidi ya yen bilioni 3. Sehemu yake ya kwanza, dakika 37 bila kamera kukatizwa, ni kisa cha maiti wanaofufuka na kula watu, na kusema kweli ni kibovu: waigizaji wananyamaza pasipostahili, mtu anatoka nje bila sababu, kamera inaanguka chini na kubaki hapo. Baadaye tunarudishwa nyuma mwezi mmoja na kuonyeshwa jinsi kisa kile kilivyotengenezwa, na kila kosa tulilolicheka linapata maelezo yake, na kila maelezo ni mtu fulani aliyekuwa akihangaika ili kazi isisimame. Sijui mahali pengine ambapo jasho la wasanii maskini limeonyeshwa kwa heshima namna hii.

Ya tatu nitaitaja upesi kwa kuwa yahitaji ujasiri: Paddington 2 ya Paul King, iliyotoka Uingereza mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Naam, ni ya dubu mla jamu ya machungwa. Lakini dubu huyu, aliyebuniwa na Michael Bond katika kitabu cha mwaka 1958, ni mhamiaji kutoka Peru, na jirani yake mmoja amejiteua kuwa mlinzi wa mtaa dhidi yake. Anasingiziwa wizi, anafungwa, na gerezani soksi moja nyekundu aliyoiacha katika nguo za kufuliwa inawavika wafungwa wote rangi ya waridi. Tena tazama ufundi wake: Bibi Brown anaonekana mwanzoni akijizoeza kuogelea, tukadhani ni mzaha wa kupita, na mwishoni ni uogeleaji huo unaookoa maisha. Jambo hili tukilikuta katika tamthilia ya zamani, sisi walimu huwatungia wanafunzi swali la mtihani.

Yamkini mtu atasema: orodha haina budi kuwa na mwisho. Ni kweli, lakini kumi ni hesabu ya vidole, si ya sanaa. Mwingine atasema, na huyu ana hoja nzito zaidi, kwamba burudani ina soko la kuitetea, ilhali filamu ngumu haina mtetezi ila chuo. Ningekubali, kama utetezi wetu ungekuwa wa kweli. Lakini kuisifu filamu ambayo hatukuipenda si kuitetea. Na wapo wanaotusikiliza. Kijana wa mwaka wa kwanza aliipenda sinema katika banda la video, kwenye benchi la mbao, huku msimulizi akipaza sauti kutia Kiswahili juu ya maneno ya kigeni. Akisoma orodha zetu hujifunza kuionea haya furaha ile, na nimewaona waliojifunza: huzungumza juu ya sinema kana kwamba wako matangani.

Wala orodha hazina macho ya mbali. Singin' in the Rain ya mwaka 1952 haikuwamo hata miongoni mwa filamu tano zilizoshindania Oscar ya filamu bora. Tuzo ikaenda kwa The Greatest Show on Earth. (Hiyo nayo ilikuwa ya sarakasi, kwa hiyo siwezi kudai kwamba majaji waliichukia furaha, walikosea tu.) Mwaka 2022, wahakiki walioulizwa na gazeti la Sight and Sound waliiweka Singin' in the Rain ya kumi katika filamu bora za nyakati zote.

Basi natengua sehemu ya chini ya orodha yangu ya mwaka 2018, na majina matatu yaliyokatwa yanarudi. Atakayeonyesha Supa Modo chuoni asiwazuie watoto wa jirani mlangoni. Na atakayeitazama ile ya Japani avumilie dakika zile 37 bila kuinuka kitini, hata kama aliyekaa kando yake ataondoka.