Mwanamke Halii Tu, Jamani!

Waandishi wenzangu, leo nagombana nanyi. Msinikasirikie kabla hamjafika mwisho.

Nimezipitia hadithi zetu vijana, pamoja na zangu mwenyewe zilizojaza madaftari mawili hapa Chanzuru. Mwanamke humo ni nani? Ni changudoa wa mjini, au mchumba anayekonda kwa mapenzi, au mama mjane anayelia mlangoni. Basi! Mwenye mawazo, mwenye kusimama mkutanoni, ni mwanaume. Huo ni uongo, na sisi ndio tunaoupiga chapa.

Mchukueni Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU ilikuwa bado changa, na watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga nayo. Bibi Titi hakuwa na digrii. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Akawafuata akina mama kwenye vikundi vyao vya ngoma, kule kule walikozoea kukutana, na ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa na kadi. Uhuru ulipitia huko, siyo kwa wasomi wenye tai peke yao.

Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa UWT. Mwaka 1969 akakamatwa, akafungwa maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiwa 1972. Alifariki mwaka 2000. Kupanda, kuanguka, kunyamazishwa: hiyo si riwaya? Lakini vijana wangapi wa Dar wanamjua kama barabara tu! Na Mkomanile wa Ungoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya Maji Maji, hana hata hadithi fupi kwenye kurasa zetu.

Najua mtakachosema. Eti tangu Machi 2021 nchi imepata Rais mwanamke, unataka nini tena? Nawajibu: uongozi hauanzii Ikulu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Kwa nini iliandikwa hivyo? Kwa sababu bila kulazimishwa tungewaacha jikoni wakipika wali wa mkutano.

Nasema hivyo kwa kuwa nilikuwepo. Katika mkutano mmoja wa mgogoro wa mpaka wa shamba, bibi yangu alisimama. Alijua kila mwembe na nani aliupanda. Akaambiwa, "Kaa kwanza mama, tutakusikia mwishoni." Mwisho haukufika. Bibi akajifunga khanga yake vizuri, akasema yote akiwa amesimama vile vile, na mpaka ukafuatwa kama alivyoeleza.

Aliyekuwa akiandika muhtasari siku ile ni mimi, kwa vile nina cheti cha fomu foo. Niliandika "wazee walikubaliana". Jina la bibi sikuliandika. Hakuna aliyenikataza, jamani. Mkono wangu wenyewe ulimruka.

Ndivyo historia inavyoibiwa, na mwizi anaweza kuwa kijana mpole mwenye kalamu ya Bic.

Sasa nimefungua daftari la tatu. Ukurasa wa kwanza bibi amesimama, anasema, na wanaume wanasikiliza. Wewe mwenzangu, bibi yako umemwandika wapi?