Tandiko si Sare ya Shule

"Chukua la inchi 17, mtoto atakua nalo." Hivyo ndivyo baba mmoja alivyokata shauri Jumamosi moja kwenye uwanja wa kujifunzia kupanda farasi huko Karen, Nairobi. Mwanawe alikuwa na miaka sita, na miguu yake haikufika hata nusu ya ubavu wa poni. Wazazi waliosimama karibu waliitikia kwa vichwa kana kwamba wamesikia neno la wahenga. Saisi mmoja mzee aliinama akaendelea kupiga brashi, kwani nani atamkosoa mwenye pesa?

Imani hii ya "atakua nalo" imewatesa watoto wa Afrika Mashariki vya kutosha. Ndiyo inayowavika sweta za kufika magotini siku ya kwanza ya shule, na viatu vilivyoshindiliwa karatasi za magazeti.

Sweta kubwa humwaibisha mtoto. Tandiko kubwa humwangusha.

Kikalio cha tandiko hupimwa kwa inchi, kutoka kwenye kifungo kilicho ubavuni mwa ukingo wa mbele hadi katikati ya ukingo wa nyuma. Watoto wadogo wengi huenea kwenye inchi 14 hadi 15. Inchi 17 ni ya mtu mzima. Mtoto akikaa sawasawa, nyuma ya makalio yake hubaki nafasi ya upana wa kiganja tu. Akipewa tandiko la baba, hana kinachomshika. Poni akianza mchakamchaka, mtoto huteleza nyuma, miguu ikatangulia mbele, naye kwa hofu huning'inia kwenye hatamu na kuivuta lijamu kinywani mwa mnyama. Halafu watu wazima husema poni ni mkaidi!

Poni naye ana mgongo. Farasi ana jozi 18 za mbavu, na tandiko halipaswi kupita ubavu wa mwisho, maana nyuma yake ni kiuno kisicho na mbavu za kusaidia kubeba uzito. Poni mfupi akibandikwa tandiko refu, huumizwa kiunoni kila mtoto anapodunda. Akirusha mateke, alaumiwe nani?

Watetezi wa tandiko kubwa hawakosi majibu. Weka pedi nene chini, wanasema. Pedi haifupishi tandiko hata kwa nusu inchi, na kama tandiko lilikuwa linabana mabega, kuongeza pedi ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Wengine hukumbusha kwamba watoto wa Lamu hupanda punda bila tandiko lolote. Ni kweli, na hapo wamejifunga bao wenyewe: mtoto wa Lamu akianguka hakuna kilichomkamata mguu. Kisha huja hoja tamu kuliko zote, kwamba "huyu poni ni mpole". Poni wote ni wapole mpaka washtuke. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini haijapiga marufuku mbwa, ngurumo, wala bodaboda zenye ekzosi iliyotobolewa makusudi ili mtaa mzima ujue kijana kapita.

Basi tuseme mtoto ameanguka. Kuanguka peke yake mara nyingi huishia kwenye machozi na vumbi. Balaa ni kuanguka huku mguu umenasa kwenye kikuku. Kikuku kinatakiwa kuzidi upana wa kiatu kwa takriban inchi moja, nusu kila upande. Kikibana, kiatu hakichomoki. Kikiwa kipana kama cha baba, mguu wa mtoto hupenya wote hadi kifundoni. Ndiyo sababu ya kuvaa kiatu chenye kisigino kidogo badala ya raba za michezo. Ndiyo sababu pia ya vikuku vya usalama, ambavyo upande mmoja una mpira mnene unaofyatuka mguu ukivutwa. Mpira huo hukaa upande wa nje, mbali na ubavu wa farasi. Anayeugeuza ndani, au anayefunga waya pale ulipokatika, amenunua usalama kisha akautupa.

Kwenye tandiko la mkubwa mikanda ya vikuku nayo haifupiki vya kutosha. Hapo mtu mzima mwenye akili zake huingiza nyayo za mtoto ndani ya mikanda yenyewe, juu ya vikuku. Huo ni mtego, kwa kuwa mkanda hauna mpira wa kufyatuka. Wapo hata wanaopendekeza mtoto afungwe kamba tandikoni. Huko Falme za Kiarabu watoto waliwahi kufungwa migongoni mwa ngamia wa mashindano, hadi sheria ya 2005 ilipowaondoa walio chini ya miaka 18 na roboti zikashika nafasi zao. Ngamia wanapewa roboti, na mzazi wa Nairobi anatafuta kamba!

Kilio cha mwisho ni cha gharama: tandiko dogo huachwa baada ya miaka michache. Si liuzwe? Tandiko la ngozi lililotunzwa hupata mnunuzi, na watoto wanazaliwa kila siku. Kisichofaa kununuliwa mtumba ni helmeti, kwa sababu iliyowahi kugongwa inaweza kuwa imeharibika ndani huku nje inang'aa. Cha ajabu, wapo wanaonunua tandiko jipya lisilomwenea mtoto, kisha wakabana matumizi kwenye helmeti.

Walsall, Uingereza, ni mji wa mafundi wa matandiko, na klabu yake ya kandanda hujulikana kwa jina la utani la kazi hiyo. Kanuni ya ufundi huo haina miujiza. Tandiko huwekwa kwanza mgongoni mwa farasi bila pedi. Fundi hutazama kama vidole viwili au vitatu vinapita juu ya kigongo cha mabega, na kama uti wa mgongo hauguswi. Kisha mpandaji hukalishwa, akapimwa tena.

Mzazi anayekwenda kununua tandiko amchukue mtoto, akiwa amevaa viatu vyake vya kupandia. Amkalishe, aweke kiganja nyuma yake, apime vikuku, kisha adai tandiko lijaribiwe mgongoni mwa poni kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, arudi nyumbani na pesa zake.