Gari Nimelipia Mimi, Ruhusa ya Kuuza Nikaombe Kwako?

Majaribio yamebana ndiyo maana kimya kilitanda humu. Leo nimekuja na ubishi uliozuka vimbwetani juzi, na kwa kuwa nilizidiwa makelele, namalizia hapa ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Swali lilikuwa hivi: kiwanda cha magari kina haki ya kumzuia mteja asiuze gari alilokwisha kulilipia? Washkaji wawili wa sheria wakashupaa kwamba mkataba ni mkataba, ukisaini umesaini. Mimi nasema hapana, tena hapana kubwa.

Kwa wale wanaodhani natunga, shikeni mifano. Ford walipotoa GT mpya, watu zaidi ya 6,500 waliomba wauziwe magari 500 ya mwanzo. Waliochaguliwa walisainishwa kwamba hawatauza ndani ya miaka 2. John Cena, yule wa mieleka, alilipa dola 460,000 na ushee, akakabidhiwa gari lake mwaka 2017, haukupita muda akaliuza. Alisema alihitaji fedha za gharama zake. Ford wakamburuza mahakamani, na mwaka 2018 wakamalizana, hela ikapelekwa kwenye misaada. GM nao mwaka 2022 wakasema ukiuza Corvette Z06 kabla ya miezi 12, baadhi ya waranti haziendi kwa mnunuzi wa pili. Novemba 2023 ikawa zamu ya Tesla. Kwenye mkataba wa Cybertruck waliweka kipengele kwamba ukiuza ndani ya mwaka wa kwanza bila ruhusa yao, wanaweza kukudai dola 50,000 au kiasi chote ulichouzia, kile kilicho kikubwa. Makelele yalikuwa makubwa kweli kweli.

Utasema hayo ni ya matajiri wa Marekani, wewe na mkweche wako yanakuhusu nini? Subiri kidogo. Land Cruiser 300 ilipotoka Agosti 2021, wauzaji wa Toyota kule Japani waliwasainisha wateja ahadi ya kutoiuza kwa mwaka 1. Hofu iliyotajwa ni kwamba magari yatatoroshewa nje na kuangukia mikononi mwa magaidi. Sasa hapo tumefika kwetu, maana magari mengi yanayoshushwa Dar na Mombasa ni yaliyokwisha kutumika Japani.

Nirudi kwa washkaji wa sheria. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja ya kampuni ya vitabu iliyochapa ndani ya kitabu onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola 1. Duka likauza senti 89, na duka likashinda. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ikasema kampuni ya mashine za kuchapia haiwezi kutumia hataza kumwandama mtu anayeuza tena katriji zake za wino, kwa sababu ikishauza, haki yake ya hataza juu ya kile kitu imekwisha. Yaani sheria yenyewe imeona zamani kwamba bidhaa haiwezi kutembea na mnyororo wa mwenyewe wa kwanza shingoni. Mlango uliobaki wazi ni mkataba, na viwanda vinapita humo humo. Lakini mkataba gani huu? Mmoja kaandika kila mstari, mwingine kazi yake ni kusaini au kuondoka. Hayo si makubaliano ya watu wawili waliokaa wakaelewana bei.

Hoja yao nzito kuliko zote ni walanguzi. Kuna watu wanawahi foleni, wananunua, kesho yake wanauza kwa bei ya kuruka, na mpenzi wa gari wa kweli anabaki anatazama. Nakubali, inakera. Lakini ulanguzi unatokea kwa sababu kiwanda kimetoa magari machache kwa bei iliyo chini ya ile ambayo watu wako tayari kulipa. Basi ongeza magari, au pandisha bei, au piga kura ya bahati nasibu. Na kama unataka gari libaki chini ya mamlaka yako, likodishe kwa miaka 2 na useme wazi kwamba ni lako. Huwezi kuchukua hela ya mauzo halafu ukabaki na madaraka ya mwenye mali. Ukila mbuzi, usidai tena kamba yake.

Na hiyo ya magaidi? Kuzuia silaha na magari yasivuke mpaka ni kazi ya serikali, forodha na sheria ya kupeleka bidhaa nje, ambako kuna rufaa na wa kumuuliza. Muuza magari hakuchaguliwa na mtu.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba kesho hawatahitaji hata karatasi. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba mtu alinunua Tesla iliyokwisha kutumika, imetangazwa na vikorombwezo vyote, kisha kampuni ikazima kwa mbali uwezo wa gari kujiendesha, eti yeye hakuulipia. Baada ya habari kusambaa, wakamrudishia. Angekuwa hana wa kumsemea je?

Huku kwetu gari si pambo. Ni akiba. Mama akilazwa, ada ikidaiwa, msiba ukiingia, kadi ya gari inatoka kabatini na dalali anapigiwa simu usiku huohuo. Nani atasubiri barua ya ruhusa kutoka ng'ambo? Na teksi unayopanda, na Noah ya jirani, zimefika hapa kwa sababu mtu wa kwanza aliuza bila kuuliza, wa pili hivyohivyo. Ukiruhusu mnyororo ufungwe kule mwanzoni, hata kwa mwaka 1 tu na kwa magari ya kifahari tu, umekubali kwamba unaweza kufungwa. Muda na aina ya gari watapanga wao baadaye.

Wale wa sheria, uwanja wa maoni huo hapo chini, njooni na vifungu vyenu. Nawasilisha.