Milioni tisa za kuvuka maji yale yale

Wandugu, nimekuwa kimya wiki tatu hizi na sababu yenyewe ni ya aibu kidogo: nilikuwa nanunua pikipiki kichwani. Wanaonifahamu wanajua nina Royal Enfield Himalayan, ile ya cc 411, niliyoinunua mwaka 2021 kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake wa kazi hapa Dar na hakutaka kuhangaika kuisafirisha. Imenifikisha Mahenge, imenifikisha Tunduru, imenifikisha Kondoa kwa njia ambazo sitazitaja kwa sababu mama yangu naye anasoma hapa. Lakini tangu jamaa mmoja wa kundi letu la waendesha pikipiki ashushe Himalayan 450, sina raha. Kila Jumamosi tukikutana ananiuliza swali lile lile: "Wewe unabadilisha lini?" Angalieni vizuri. Haulizi kama nitabadilisha. Anauliza lini. Hilo "lini" ndilo limenikalisha chini leo niandike.

Tuanze kwa haki. Pikipiki mpya ni nzuri, na siyo nzuri ya kwenye matangazo. Nimeiendesha. Jamaa alinipa ufunguo tukiwa Bagamoyo, nikaja nayo mpaka Bunju, na nilipomrudishia sikuwa na la kusema. Ya kwangu ni toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2016: nguvu za farasi 24 na ushee, gia tano, injini inayopozwa kwa upepo na oili, tangi la lita 15. Hiyo mpya ilizinduliwa Novemba 2023 na ina cc 452, nguvu za farasi 40, gia sita, radieta ya maji, tangi la lita 17, na kioo cha duara kinachokuchorea ramani mbele ya macho yako. Uzito ni ule ule tu, ya kwangu inakaribia kilo 200 ikiwa na mafuta na mpya ni kilo 196. Kwa hiyo atakayewaambia wamebadilisha rangi tu anawadanganya. Ni injini nyingine kabisa.

Nitawapa hata hoja ambayo jamaa hajawahi kuisema. Mwaka 2022 nilikuwa napanda Kitonga kwenda Iringa. Mbele yangu lori la mafuta, nyuma yangu basi linapiga honi kama ninalidai nauli. Nikatoka ili nilipite lori. Nikafungua mafuta mpaka mwisho, na hakuna kilichotokea. Pikipiki iliunguruma tu, ikabaki pale pale ubavuni mwa tangi, na kwenye kona ya juu likatokea basi lingine linashuka. Nilirudi nyuma ya lori kwa nafasi ambayo mpaka leo sipendi kuipima. Siku ile ningekuwa na farasi 40 ningepita.

Hoja hiyo nimelala nayo wiki tatu nzima. Ni hoja ya uhai, siyo ya urembo. Lakini nikiacha kujidanganya, siku ile kosa halikuwa la farasi. Kitonga ni kona juu ya kona, sikutakiwa kutoka pale hata ningekuwa na farasi 100. Tangu siku ile nangoja. Sasa sikilizeni alichoniambia jamaa wiki ya pili tu baada ya kuanza kuendesha hiyo mpya: "Siku hizi napita mahali ambapo zamani nilikuwa nasubiri." Aliisema kama sifa. Mimi mgongo ulinisisimka. Nguvu haikumwongezea usalama, ilimsogezea mstari wa kuthubutu mbele kidogo, na kule mbele nako kuna basi lake linashuka.

Na ukishamaliza Kitonga, hao farasi 40 unawapeleka wapi? Kijiji baada ya kijiji kibao cha 50, na chini ya mwembe kuna trafiki ameshika tochi. Mimi na Himalayan yangu kuukuu tumeshapigwa tochi tukiwa 57. Hiyo mpya itanipa faini ile ile, ila nitaifikia mapema zaidi.

Lakini siyo hayo hasa yanayoniudhi. Linaloniudhi ni neno. Hizi pikipiki za safari ndefu wenyewe wanaziita za adivencha, na sisi tumelipokea neno kama lilivyo, tunalivaa Jumamosi na jaketi.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu na mvua zile, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Mhariri alitaka mtu, mtu mwenye pikipiki alikuwa mmoja, nikaenda. Malori yamesimama foleni, abiria wamekaa kwenye mabegi yao, na sisi wa pikipiki tukaelekezwa njia za pembeni, za mashambani. Mahali fulani kulikuwa na kijito ambacho siku za kawaida ungekiruka. Siku ile kilikuwa kimetufika kiunoni, na vijana wa pale walishafungua biashara: wanabeba pikipiki mabegani. Boxer wanaume wanne, elfu kumi. Ya kwangu waliizunguka mara mbili, mmoja akaitikisa, wakasogea pembeni kujadiliana kama baraza la kata, wakarudi na hukumu: wanaume wanane, elfu arobaini. Katikati ya maji mmoja akateleza, Himalayan ikazama kwa mbele mpaka taa.

Ng'ambo nilimkuta mama mmoja, mhudumu wa afya, amevuka kabla yangu. Honda XL 125 ya zamani, namba ya serikali, na nyuma sanduku la chanjo limekazwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia huku akiangalia vijana wanavyoitua pikipiki yangu, na yale masanduku yangu ya bati pande zote mbili. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo yote unapelekea nini?"

Nilikuwa na kompyuta, chaja na soksi.

Yeye alikuwa anawahi kliniki. Njia ile anaipita masika na kiangazi, na sijawahi kuona tangazo linalomwita mwanaadivencha. Bwana shamba wa Malinyi naye haitwi hivyo, wala yule dereva wa boda anayepakia mama mjamzito na shangazi yake usiku. Wao barabara mbovu ni kero, wanailalamikia kwenye mkutano wa kijiji na haitengenezwi. Sisi barabara hiyo hiyo tunaifuata kwa makusudi, tunaipiga picha, tunaandika chini yake maneno ya kiume, halafu Jumatatu tuko ofisini kwenye kiyoyozi. Kinachoitwa adivencha ni tabu ya mtu mwingine ukiwa na tiketi ya kurudi. Najiandika na mimi humo humo, msidhani nawasema nyie peke yenu.

Na wanaotuuzia wanajua. Angalieni BMW, ambao ndio kama mababu wa biashara hii. R80G/S ya mwaka 1980 ilikuwa na cc 797 na nguvu za farasi 50, na watu walikatiza nayo Sahara. R 1300 GS ya mwaka 2023 ina farasi 145. Karibu mara tatu! Sahara haijaongezeka mara tatu. Ted Simon, Mwingereza, mwandishi wa habari kama mimi, alizunguka dunia kuanzia mwaka 1973 mpaka 1977 kwa Triumph ya cc 500 ambayo leo jamaa zangu wa Jumamosi wangeionea huruma. Alipita hapa hapa kwetu akielekea kusini. Ewan McGregor na Charley Boorman nao, katika safari yao ya mwaka 2004, walikuwa na BMW kubwa za kupigiwa saluti, na kule Mongolia ya mpigapicha wao ilipogoma wakamnunulia IZH ya Kirusi, pikipiki ya bei rahisi ya wenyeji, aendelee nayo. Filamu iliuza BMW. Sijui kama iliuza IZH hata moja.

Haya, tuje kwenye hela. Hapo ndipo maneno mengi huwa yanaisha.

Wakati inazinduliwa India, Himalayan 450 ya bei ya chini ilianzia rupia 269,000. Ukiongeza meli, ushuru, VAT, usajili na wale watu wa katikati ambao hawakosekani, jamaa yangu anasema ilimfikisha kwenye milioni 18. Ya kwangu naweza kuiuza milioni 9 nikimpata mnunuzi asiyeshika usukani kwa makini. Inabaki milioni 9. Nilikwenda SACCOS ya kazini kuuliza, kimya kimya. Riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio, miezi 36: Sh 325,000 kila mwezi, jumla inakaribia milioni 11.7. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya mshahara wangu. Na wadhamini wawili, ambapo mmoja niliyemfikiria ni dada yetu wa mapokezi mwenye watoto watatu shuleni. Mimi nikipunguzwa kazini (na magazeti siku hizi hayaagi), ni mshahara wake unaokatwa ili mimi niwe nimeshaona ramani kwenye kioo cha duara.

Mtaniambia, laki tatu ni kujibana tu, unapunguza bia na nyama choma. Ngojeni niwaeleze kazi yetu kwa wasioijua. Unaitwa kwenye mkutano na waandishi. Kuna maji ya chupa, kuna hotuba, na mwishoni kuna karatasi ya kusaini ya "nauli". Bahasha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichukua elfu thelathini, sijifanyi mtakatifu, na habari ya yule bwana niliiandika vizuri kuliko ilivyostahili. Hakuna aliyeniagiza. Mkono wenyewe ulijua.

Baada ya hapo nimerudisha moja, nene kidogo, ya mtu ambaye nilikuwa naandika habari za mchanga anaouchimba kwenye mto ambao watu wa chini wanakunywa. Wenzangu walinisifia msimamo. Ukweli ni kwamba jioni ile nilikagua mfuko wangu kabla ya kukagua dhamira. Kodi ya nyumba nilishalipa, sikuwa nadaiwa na mtu, ndiyo maana niliweza. Ningekuwa na Sh 325,000 zinanisubiri tarehe 25, sijui. Nasema sijui kwa sababu najifahamu.

Nina mwenzangu wa meza ya jirani, kalamu yake ilikuwa wembe. Alichukua mkopo wa gari. Hajanunuliwa na mtu yeyote, nakataa kabisa atakayesema hivyo. Ila nimeanza kuona aya zake za pili. Zamani jina la kampuni lilikuwa linakaa pale. Siku hizi pale panakaa "baadhi ya wawekezaji". Kila mwezi kidogo kidogo mkopo unamhariri, na mhariri huyo haendi likizo.

Kwa hiyo wanaoniambia pikipiki mpya itanipa uhuru, naomba wanionyeshe ni uhuru wa nani. Nikiwa na ya zamani naweza kukataa semina, naweza kwenda mtoni kwa mafuta yangu, naweza kumwambia mtu "asante, nauli ninayo" na ikawa kweli. Hiyo sentensi kwangu ina thamani kubwa kuliko farasi 16 wa ziada.

Kuna wanaotetea ya zamani kwa kusema eti fundi yeyote anaitengeneza. Hiyo hoja nayo tusiikuze. Hata ya kwangu ina kompyuta yake inayopima mafuta, ikifa njiani Tunduru sote tunakaa chini. Lakini tapeti zake fundi wangu wa Mwananyamala anazirekebisha kwa spana na fila geji huku anasikiliza mpira redioni, na akselereta yake ni waya wa chuma unaouona unavyovuta. Ya jamaa haina waya huo, mkono wako unaiomba kompyuta na kompyuta inaamua. Labda ni ushamba wangu. Mimi napenda kuona kinachovuta.

Jamaa nimemjibu juzi. Aliponiuliza "lini" nikamwambia baada ya miezi 36 ambayo sijakopa. Alicheka, akasema nimeogopa. Kweli nimeogopa, na nilichokiogopa nimeshawaandikia hapo juu.

Jumamosi hii sitakuwepo Bagamoyo. Napeleka Himalayan kwa fundi, beringi za usukani zina maji ya Somanga mpaka leo kwa sababu ya uvivu wangu wa kupaka grisi, ukigeuza kushoto unasikia kama unasaga mahindi. Beringi, cheni na sproketi zake, breki za mbele, tairi: tumepiga hesabu ya laki tano na nusu, taslimu. Kinachonisumbua ni tairi ya mbele, saizi ya rimu inchi 21. Kariakoo nimezunguka maduka manne, wanataka bei ya tairi ya gari. Mdau anayejua zinakopatikana kwa bei ya kibinadamu aniambie kabla ya Ijumaa.