Mbabula ndani ya chumba: sumu isiyonuka

Wakaaji wengi wa Goma wanajua mazuku. Watoto wanafundishwa mapema kuepuka mashimo na mabonde ambamo hewa hiyo ya volkano inajikusanya. Lakini kuna hewa nyingine inayoua, na hiyo haitoki ardhini. Ni watu wenyewe wanaoiingiza nyumbani jioni, ndani ya mbabula.

Makala yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha, yanatoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwani mtu anadhani moto umeshakuwa safi. Mazuku ni kaboni dioksidi, hewa nzito inayokaa chini. Hii inaenea chumba kizima, na kitanda kirefu hakimwokoi mtu. Ikiingia mwilini inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo vinabaki na njaa ya oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea. Nani katika Congo akisikia hayo hafikirii malaria kwanza? Hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa anaweza kupewa dawa ya malaria, kurudi nyumbani, na usiku kulala tena kando ya mbabula ileile. Hata kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri, maana hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii. Kinachohitajika ni kipimo maalumu cha damu, ambacho vituo vingi vya afya havina.

Lakini maswali hayagharimu hata franka moja. Je, wengine nyumbani wameumwa pamoja? Mlilala na makala? Ukitoka nje unapata nafuu? Kila muuguzi anapaswa kuyauliza, hasa kama mgonjwa hana homa.

Tiba ya kwanza ni kumtoa mgonjwa nje, kisha kumpa oksijeni safi kwa maski bila kungoja. Kwa hewa ya kawaida, sumu inapungua nusu kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi, ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mama mjamzito asicheleweshwe, kwani mtoto tumboni anaweza kuumia kuliko yeye. Na aliyepona afuatiliwe: wengine wanaanza kusahau au kubadilika tabia baada ya siku au wiki kadhaa.

Si haki kuwalaumu wazazi. Baridi ya milima ya Kivu ni ya kweli, umeme unakatika, na familia inayoogopa wezi haiwezi kulala madirisha wazi. Kuwaambia tu "fungueni madirisha" ni kujitoa lawama. Ujumbe unaofaa ni huu: mbabula ipikie nje na ilale nje, hata ikiwa imebaki majivu ya moto, chumbani ziingie blanketi. Jenereta nayo ikae mbali na mlango na dirisha.

Wakuu wa avenue, makanisa, misikiti na redio vina sauti inayoweza kuonya watu kuhusu hatari kama mazuku. Mbabula ya chumbani inastahili sauti hiyo hiyo, kabla ya usiku mwingine wa mvua.